Simu Ikikataa WiFi ya Nyumbani: Hatua za Kufuata Kabla ya Kutoa Pesa

Katika nyumba nyingi za Kibera na Kawangware, WiFi ya kulipiwa kwa mwezi imechukua nafasi ya bando la kila siku. Mwanafunzi anaitumia kudurusu, mama mboga anapokea oda za wateja kwa WhatsApp, na kijana anajaza maombi ya mkopo wa HELB bila kuhesabu megabaiti. Simu inapokataa WiFi hiyo, familia hulipa mara mbili: ada ya mwezi inaendelea kuhesabika, na bando linanunuliwa juu yake. Wengine hufikia kununua simu mpya ilhali ile ya zamani haina ubovu wowote.

Mara nyingi gharama hiyo inaweza kuepukwa. Kati ya mtumiaji na intaneti kuna sehemu tatu: simu yenyewe, rauta iliyo nyumbani, na laini inayoleta huduma kutoka kwa kampuni. Kazi ya kwanza ni kujua hitilafu iko katika sehemu gani.

Jaribio la simu ya pili

Mkaazi achukue simu nyingine, azime data yake, kisha aiunganishe na WiFi ileile akiwa hatua chache kutoka kwa rauta. Ni muhimu data izimwe, kwa sababu simu yenye bando hufungua kurasa hata kama WiFi haifanyi kazi, na matokeo yake humpotosha anayejaribu.

Ikiwa simu ya pili inafungua kurasa vizuri, tatizo liko kwenye simu ya kwanza. Ikiwa zote mbili zinashindwa, tatizo liko kwenye rauta au laini, na hakuna haja ya kumpelekea fundi simu yoyote.

Simu haioni jina la WiFi

Rauta nyingi za sasa hurusha mawimbi ya aina mbili, ya 2.4 GHz na ya 5 GHz. Simu nyingi za bei nafuu hupokea ya 2.4 GHz pekee. Rauta ikiwekwa irushe 5 GHz tu, simu kama hizo hazitaona jina lake kamwe, hata zikiwekwa kando yake. Kampuni inayotoa huduma inaweza kuombwa iwashe 2.4 GHz.

Sababu nyingine ni kuta. Mabati hurudisha mawimbi ya WiFi yalikotoka, ndiyo sababu katika ploti za mabati za Gatwekera au Laini Saba simu inaweza kushika vizuri chumbani na kupoteza mtandao mara tu mtu anapotoka nje na kufunga mlango. Kwenye nyumba za ghorofa za Kawangware, kikwazo ni zege na mawe: rauta iliyo ghorofa ya chini hufika kwa shida ghorofa ya tatu. Mawimbi ya 2.4 GHz hupenya kuta vizuri zaidi kuliko ya 5 GHz, ingawa ya 5 GHz huwa na kasi kubwa karibu na rauta.

Simu inaona jina lakini haiingii

Hapa kosa la kawaida ni nywila. Herufi kubwa na ndogo huhesabiwa tofauti, na sifuri hufanana na herufi O. Mahali ambapo majirani wanachangia WiFi moja, huenda mmoja wao amebadilisha nywila, nayo simu inaendelea kutuma ile ya zamani. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya WiFi, kubonyeza jina la mtandao, kuchagua simu iusahau, kisha kuandika nywila upya.

Nywila ikiwa sahihi na simu bado inakwama ikitafuta anwani ya IP, huenda idadi ya vifaa vinavyoruhusiwa kwenye rauta imejaa. Mkaazi azime WiFi kwenye simu na televisheni zisizotumika, kisha ajaribu tena.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaijui. Kila kifaa kina anwani yake ya MAC, ambayo rauta hutumia kukitambua. Simu za Android kuanzia toleo la 10, lililotoka mwaka 2019, na simu za iPhone kuanzia iOS 14 ya mwaka 2020, huweza kuficha anwani halisi na kutumia ya bahati nasibu ili kulinda faragha ya mwenye simu. Pale ambapo kampuni au mwenye rauta amesajili simu kwa anwani yake halisi, simu hiyo itakataliwa kama mgeni. Kwenye mipangilio ya mtandao huo wa nyumbani, mkaazi anaweza kuchagua simu itumie anwani yake halisi.

Simu ya miaka mingi inaweza pia kushindwa na aina mpya ya ulinzi iitwayo WPA3. Rauta ikirudishwa kwenye WPA2, simu hiyo itaingia. Mtandao usiachwe wazi bila nywila kwa sababu ya simu moja.

Imeunganishwa, lakini hakuna intaneti

Ujumbe huu unamaanisha kwamba simu imefika kwenye rauta, lakini haipati njia ya kutoka nje. Yafuatayo yakaguliwe kwa mpangilio:

1. Malipo. Kifurushi kikiisha, jina la WiFi hubaki likionekana na rauta huendelea kuwaka kama kawaida.

2. Taa za rauta. Kwa wanaotumia faiba, taa nyekundu iliyoandikwa LOS inaonyesha kwamba mwanga haufiki kupitia kebo. Huenda kebo imekatika au imechomoka, na hilo ni jukumu la kampuni.

3. Adapta ya antena. Kwa wanaopata huduma kupitia antena iliyo juu ya paa, antena hiyo kwa kawaida hupata umeme kutoka kwa adapta ndogo iliyo ndani ya nyumba. Ikichomolewa ili kupata nafasi ya kuchaji simu, rauta itaendelea kuwaka lakini intaneti haitafika.

4. Tarehe na saa. Simu iliyozima betri kwa muda mrefu inaweza kurudi na tarehe isiyo sahihi. Tovuti salama na programu kama WhatsApp zitakataa kufunguka hadi tarehe irekebishwe.

5. VPN. Programu za VPN huweza kuzuia intaneti, na huzuia pia ukurasa wa kuweka namba ya vocha kwenye WiFi za kulipia kwa saa au kwa siku. Zizimwe kwanza.

Inashika na kukatika

Mitaa yenye nyumba zilizobanana huwa na rauta nyingi zinazotumia njia zilezile za mawimbi. Kwenye 2.4 GHz, njia tatu pekee, yaani 1, 6 na 11, ndizo hutumika bila kuingiliana. Jioni watu wanaporudi nyumbani, msongamano huongezeka. Kampuni inaweza kubadilisha njia ya rauta, na simu zenye uwezo wa 5 GHz zihamishiwe huko.

Rauta iwekwe mahali palipo wazi, juu ya meza au kwenye rafu, mbali na jiko na sufuria. Isitundikwe chini kabisa ya mabati, kwani joto la mchana huidhoofisha. Umeme unaopungua na kurudi pia huizima na kuiwasha mara kwa mara. Hitilafu za umeme ziripotiwe kwa Kenya Power kupitia 97771 au *977#.

Kuzima ni tofauti na kufuta

Kuzima rauta, kusubiri nusu dakika na kuiwasha tena hakuna madhara, na hutatua matatizo mengi. Lakini kubonyeza kwa pini kile kitufe kilicho ndani ya tundu dogo kunafuta mipangilio iliyowekwa na kampuni. Baada ya hapo, nyumba nzima huenda ikakosa huduma hadi fundi wa kampuni aje.

Kwenye simu pia kuna tofauti. Kurejesha mipangilio ya mtandao hufuta mipangilio ya mawasiliano pekee, kama vile nywila za WiFi na vifaa vya Bluetooth. Kurejesha simu yote katika hali ya kiwandani hufuta picha, namba za watu na nyaraka ambazo hazikuhifadhiwa kwingine. Mkaazi asikubali hatua hii ya pili kwa sababu ya WiFi tu kabla ya kufanya jaribio la simu ya pili.

Simu ikipelekwa kwa fundi, mwenyewe asimame karibu. Hakuna ukarabati wa WiFi unaohitaji PIN ya M-Pesa wala namba ya siri iliyotumwa kwa SMS. Malipo ya huduma yafanywe kupitia namba rasmi ya kampuni, si kwa simu ya mtu anayedai kuwa ni wakala.

Tatizo likiwa la kampuni

Malalamishi huanzia kwa kampuni yenyewe. Mkaazi aandike tarehe, saa huduma ilipokatika, rangi ya taa za rauta na namba ya malalamishi aliyopewa. Asiporidhika na majibu, anaweza kupeleka suala hilo kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, yenye makao yake makuu Waiyaki Way. Haki za mteja zimewekwa katika Kanuni za Kulinda Watumiaji za mwaka 2010, chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano. Rekodi iliyoandikwa ndiyo itakayomsaidia kudai siku alizolipia bila kupata huduma.

Wakati huduma inasubiriwa, si kila shughuli isimame. Usajili wa bima ya afya ya SHA, kwa mfano, unafanyika kwa *147# kwenye simu yoyote, bila intaneti.

Familia inashauriwa pia kuandika namba ya akaunti, namba ya huduma kwa wateja na siku ya malipo kwenye karatasi, na kuibandika ukutani karibu na rauta. Intaneti ikikatika, yeyote atakayekuwa nyumbani, hata mtoto aliyetoka shule, ataweza kupiga simu hiyo.