Saa za Zamu na Saa za Ziwa: Muda wa Kukamua Maziwa kwa Mama wa Black Rock

Kukamua maziwa ya mama ni kuyatoa katika titi kwa mkono au kwa pampu, wakati mtoto yuko mbali au hawezi kunyonya, ili ayanywe baadaye kwa kikombe, kijiko au chupa. Muda wa kazi hiyo una vipimo viwili ambavyo havifai kuchanganywa: dakika ambazo mama hutumia kila anapokaa kukamua, na miezi ambayo ataendelea kufanya hivyo tangu arudi kazini. Kwa wanawake wasemao Kiswahili wanaoishi Black Rock, mtaa wa kaskazini-magharibi wa Buffalo ulio kando ya mto Niagara mkabala na Fort Erie ya Kanada, na kwa ndugu zao walioko Louisville na Columbus, vipimo hivyo hutawaliwa na namna titi linavyotengeneza maziwa, na urefu wa zamu, na sheria ya jimbo. Wengi wao walitoka Kivu, mashariki mwa Kongo, wakapitia kambi za wakimbizi kama Nyarugusu ya Tanzania, ambako mama aliweza kwenda shambani na mtoto mgongoni akamnyonyesha kivulini. Hoteli, kiwanda au nyumba ya kutunzia wazee nchini Marekani haina nafasi ya mtoto mgongoni, na kwa hiyo jambo ambalo huko lilihitajika mara chache huku limekuwa sharti la kila siku.

Maziwa hutengenezwa na tezi za titi kwa amri ya homoni iitwayo prolaktini, ambayo huwa nyingi zaidi usiku, na husukumwa nje na homoni nyingine, oksitosini, ambayo hutolewa mtoto anaponyonya, mama anaposikia kilio chake, au hata anapoitazama picha yake. Hofu na aibu huizuia oksitosini, na ndiyo maana mama anayekamua huku macho yakiwa mlangoni anaweza kupata maziwa machache ilhali titi limejaa. Zaidi ya homoni hizo, titi lina mizani yake ya ndani: maziwa yakikaa bila kutolewa, seli hupunguza kasi ya kutengeneza mengine, na yakitolewa mara kwa mara kasi hupanda. Mama anayeacha kukamua leo kwa sababu kazi imezidi hapotezi maziwa ya leo peke yake, kwani akirudia hivyo kwa siku kadhaa mwili utapunguza kiasi kana kwamba mtoto mwenyewe ameanza kukataa.

Ni vyema hapa kusahihisha imani iliyoenea Afrika Mashariki, kwamba maziwa yaliyolala titini wakati mama yuko mbali huchacha na kumdhuru mtoto. Maziwa hayachachi ndani ya titi, na mama aliyerudi baada ya zamu ya saa 12 anaweza kunyonyesha papo hapo bila kumwaga ya mwanzo. Anayedhurika ni mama, ambaye titi lake hujaa, huuma, na wakati mwingine huvimba na kumletea homa.

Kwa pampu ya umeme inayokamua matiti yote mawili kwa pamoja, dakika 15 hadi 20 huwatosha wanawake wengi, na kwa mkono au kwa pampu ya titi mojamoja huenda dakika zikafika 30. Hata hivyo, maziwa yenyewe ni kipimo bora kuliko saa ya ukutani: hutoka kwa matone, kisha kwa mfululizo, kisha hupungua, na mara nyingi mfululizo wa pili huja baada ya dakika chache za kusubiri, hivyo mama huacha matone yanapokaribia kukatika. Kuongeza nguvu ya pampu hadi maumivu hakuongezi maziwa, na mara nyingi maumivu ni dalili kwamba kikombe cha pampu hakilingani na chuchu. Mama wa mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati na pengine hawezi kunyonya, hufuata ratiba nyingine kabisa: huanza katika saa chache za kwanza, kwa mkono, akikinga dang'a tone kwa tone, kisha hukamua angalau mara 8 kwa saa 24, usiku ukiwemo.

Mama anayerudi kazini hukamua takribani kila baada ya saa 3, au mara zile ambazo mtoto angenyonya kama wangekuwa pamoja, jambo linalomaanisha mara 2 au 3 katika zamu ya saa 8 na mara 3 au 4 katika zamu ya saa 12. Kiasi cha kumwachia mlezi huwasumbua wengi bila sababu. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee hutumia wastani wa mililita 750 hadi 800 kwa siku, na kiasi hicho hakipandi sana kati ya mwezi wa kwanza na wa sita, kwa hiyo mama anayekuwa nje kwa saa 10, safari ya basi ikihesabiwa, anahitaji kuacha takribani mililita 300 hadi 450. Mama mwenye hesabu hiyo hatatishwa na picha za friza zilizojaa mifuko ya maziwa, ambazo zimewafanya wanawake wenye maziwa ya kutosha kabisa wajione wamepungukiwa. Kukamua kupita mahitaji ya mtoto hulizoesha titi kutengeneza ziada, na ziada hiyo huongeza hatari ya titi kuvimba.

Kuhusu haki kazini, mahali anapoishi mama hubadilisha mengi. Sheria ya shirikisho ijulikanayo kama PUMP, iliyotiwa saini Desemba 29, 2022, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi muda wa kukamua kila anapohitaji kwa mwaka mmoja tangu kujifungua, pamoja na mahali pa faragha pasipo choo, ingawa muda huo kwa kawaida hauna malipo, na mwajiri mwenye wafanyakazi chini ya 50 anaweza kusamehewa akithibitisha kwamba utekelezaji ungemletea ugumu mkubwa. Huko Columbus, katika jimbo la Ohio, mfanyakazi wa sekta binafsi hutegemea zaidi sheria hiyo ya shirikisho. Huko Louisville, jimbo la Kentucky liliongeza sheria yake mwaka 2019, inayowahusu waajiri wenye wafanyakazi 15 au zaidi na inayotaja pia chumba cha kukamulia. Jimbo la New York limekwenda mbali zaidi: mama wa Black Rock ana haki hiyo kwa miaka 3 tangu kujifungua, bila kujali ukubwa wa kampuni, na tangu Juni 19, 2024 hulipwa dakika 30 kila anapohitaji kukamua, akiruhusiwa kuongeza mapumziko yake mengine ikiwa dakika hizo hazitoshi. Chumba kinapaswa kuwa karibu na anapofanyia kazi, kiwe na kiti na mwanga, na maji yawe karibu. Kwa hiyo ndugu wawili waliofika kwa ndege moja, mmoja akapelekwa Buffalo na mwingine Columbus, hawana haki sawa kwa kazi ileile, na hilo ni pengo ambalo watunga sheria wa Ohio wanapaswa kuliziba.

Nyumbani Afrika Mashariki haki hiyo si ngeni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa mama hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha wakati wa kazi, na Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge chumba na muda usiozidi saa moja kwa kila saa 8. Tukirudi Marekani, pampu si lazima inunuliwe, kwa kuwa bima nyingi za huko hulazimika kuitoa bila malipo, na ofisi za mpango wa lishe wa WIC huwa na washauri wa unyonyeshaji.

Maziwa yaliyokamuliwa hudumu saa 4 katika joto la kawaida la chumba, saa 24 katika mfuko wenye barafu, siku 4 katika jokofu, na takribani miezi 6 katika friza yakiwa bado bora. Wakazi wa Buffalo wana sababu ya kuyajua haya kwa moyo, kwani siku chache kabla ya sheria ya PUMP kutiwa saini, dhoruba ya theluji ya Krismasi ya 2022 ilifunga barabara na kuziacha maelfu ya nyumba bila umeme. Maziwa ambayo bado yana chembe za barafu baada ya umeme kurudi yanaweza kugandishwa tena, na mama anayejua kukamua kwa mkono hategemei waya wowote.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi, na miaka miwili ndiyo iliyotajwa pia katika Kurani. Mapendekezo hayo yanahusu kunyonyesha, wala hayamfungi mama kwenye pampu muda wote huo. Baada ya miezi 6 mtoto anapoanza uji, ndizi za kupondwa na maharage, mahitaji ya maziwa ya mchana hupungua polepole, na wengi wanaofikisha mwaka huweza kuacha kukamua kazini huku wakiendelea kunyonyesha alfajiri na usiku, kwa maana titi hujizoesha kutengeneza maziwa ya saa hizo. Mtoto mgonjwa, au anayekataa chakula, anaweza kuhitaji zaidi, na hapo ndipo miaka 3 ya New York inapokuwa na maana. Anayeacha huondoa mkamuo mmoja, husubiri siku 3 au 4 hadi titi litulie, kisha huondoa mwingine, akianza na ule unaotoa maziwa machache. Titi likijaa katikati ya zamu hukamua kidogo tu kwa mkono, kiasi cha kuondoa maumivu, na yanayobaki huyaacha hadi atakaporudi kwa mtoto.