Nguruwe Walivyovunja Rekodi ya Ruzuku Marekani

Mwaka 2020 serikali ya Marekani iliwalipa wakulima wake moja kwa moja takriban dola bilioni 46, zaidi ya maradufu ya mwaka uliotangulia. Hadi wakati huo hakuna mwaka uliowahi kufikia hapo. Fungu kubwa lilitoka katika mpango wa fidia ya korona, CFAP, uliotangazwa Aprili 17 na Waziri wa Kilimo Sonny Perdue.

Jimbo lililovuna zaidi ni Iowa, nchi ya mahindi na nguruwe. Ndani ya Iowa tuitazame Sioux County, inayoongoza jimbo zima kwa mauzo ya kilimo: wakazi wapatao 36,000, na mazao na mifugo ya dola bilioni 1.7 kwa sensa ya kilimo ya 2017. Pigo kubwa lilitua jirani kabisa. Ng'ambo ya mto Big Sioux, mjini Sioux Falls, kiwanda cha nyama cha Smithfield kilifungwa Aprili 12 kwa sababu ya maambukizi, nacho pekee kilikuwa kikitoa asilimia 4 hadi 5 ya nyama ya nguruwe ya Marekani. Siku kumi baadaye kikafuata kile cha Tyson mjini Waterloo, ambako zaidi ya wafanyakazi 1,000 kati ya 2,800 walikutwa na virusi, wakiwamo wahamiaji kutoka Kongo. Nguruwe wakanenepa mabandani pasipo wa kuwachinja, na wengine wakauawa na kufukiwa.

Fidia ikahesabiwa kwa kichwa, kichwa cha mnyama. Kiwango cha juu kabisa kwa mifugo kilikuwa dola 214, kwa ng'ombe aliyekwisha kunoneshwa na kuuzwa kati ya Januari 15 na Aprili 15. Kwa nguruwe aliyebaki bandani kilikuwa dola 17. Hapo ndipo penye siri ya mgawanyo wote. Mwenye nguruwe 40 alipata dola 680, na mwenye wapatao 14,700 aligusa dari ya dola 250,000 aliyowekewa mtu mmoja. Kwa mujibu wa sheria hakuna aliyedhulumiwa: kila mnyama kalipwa sawa na wa kundi lake. Lakini mpango wa namna hii hauulizi nani yuko karibu kufilisika, unauliza nani anafuga wengi.

Na dari yenyewe ilikuwa na ngazi. Kampuni yenye wanahisa watatu, kila mmoja akiwa ametia saa 400 za kazi au usimamizi shambani, iliruhusiwa kupokea hadi dola 750,000. Saa 400 ni wiki kumi za kazi ya kawaida, nao usimamizi ulitosha. Sharti jepesi kuliko yote niliyoyaona humo.

Fungu dogo mno liliangukia wakulima Weusi. Tom Vilsack, aliyempokea Perdue kijiti, alisema Machi 2021 kwamba walipata dola milioni 20.8 kati ya karibu bilioni 26. Hiyo ni chini ya senti kumi katika kila dola mia.

Waliosubiri muda mrefu ni wafugaji wa mkataba, ambao Iowa ni wengi. Hawa humiliki banda, mkopo wa benki na samadi, nguruwe wakiwa ni mali ya kampuni. Kwa kuwa mnyama si wao, awamu mbili za kwanza za CFAP ziliwapita. Desemba 2020 Bunge liliwatengea hadi dola bilioni 1, na dirisha lao la maombi lilifungwa Oktoba 2021, mwaka mmoja na nusu tangu Smithfield ifunge milango.