Picha Moja, Wenyewe Wengi

Katika mji wa Lubumbashi neno "picha" limepata heshima ya pekee. Mwaka 2008 wasanii wa mji huo, miongoni mwao mpiga picha Sammy Baloji na mwandishi Patrick Mudekereza, waliunda chama chao wakakiita Picha, wala hawakutafuta jina katika lugha ya Kifaransa. Chama hicho kilianzisha maonyesho ya picha na sanaa ambayo yamerudi mara nyingi tangu mwaka huo, yakiwaleta Katanga wageni wa nchi mbalimbali. Mwaka huohuo kampuni ya Panasonic ya Japani ilitoa Lumix G1, iliyofungua njia kwa kamera zisizo na kioo ndani, ambazo leo zapendwa sana na watu wapigao picha kwa kujifurahisha.

Mambo hayo mawili hayakupangwa pamoja, lakini yote mawili yatuletea swali moja. Siku hizi mtu hupiga picha asubuhi, na kabla ya jua kutua amekwisha kuwapelekea rafiki zake ishirini kwa simu, nao wanaijadili. Je, picha ile ni ya nani? Wengi watajibu upesi: ni ya yule aliyebonyeza. Sisi twaona kwamba wenyewe ni wengi, na kila mmoja ana haki yake.

Haki ya mpigaji

Mwenyewe wa kwanza ni mpigaji, na haki yake ni kukijua chombo chake. Katika kamera za aina ya zamani, kioo kidogo husimama nyuma ya lenzi, kikiurusha mwanga juu hadi kwenye jicho la mpigaji. Akibonyeza, kioo hunyanyuka, na mwanga hupita kwenda kwenye filamu, au kwenye kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea picha. Kamera mpya haina kioo hicho. Mwanga hufika kwenye kihisi moja kwa moja, na mpigaji huitazama picha katika skrini ndogo, karibu sawa na vile itakavyotoka.

Faida yake ni kubwa kwetu Waafrika. Kamera imetengenezwa ili iulete mwanga wa kila kitu katikati, usizidi wala usipungue. Basi mama mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya ukuta mweupe saa sita mchana, kamera hudhani mwanga umekuwa mwingi mno, ikaupunguza. Ukuta hutoka vizuri, lakini uso wa mama hugeuka kivuli. Mwenye kamera isiyo na kioo huliona kosa hilo kabla ya kubonyeza. Na aongeze mwanga hadi macho na mashavu ya mama yaonekane, hata kama ukuta utapauka. Mama ni bora kuliko ukuta.

Kamera hizi zina udhaifu wake pia. Kwa kuwa hakuna kioo mbele ya kihisi, vumbi hukifikia upesi, na wakazi wa Lubumbashi wanalijua vumbi jekundu la kiangazi. Atakaye kubadilisha lenzi aizime kamera, aielekeze mdomo chini, tena afanye upesi mahali pasipo na upepo. Na kwa kuwa skrini huwaka wakati wote, betri huisha mapema. Katika mji ambamo umeme hukatika mara kwa mara, betri ya pili yafaa kuliko lenzi ya pili. Tena baba wa nyumba asisahau kwamba karo ya watoto hutangulia zote mbili.

Haki ya mwenzako

Mwenyewe wa pili ni yule unayemwonyesha picha. Kamera yako haina kioo. Basi mwenzako ndiye kioo chako. Lakini kioo kinachosema "nzuri, nzuri" kila siku hakina kazi. Sifa isiyo na sababu haimfundishi mtu, na dharau humfanya aifungie kamera yake sandukuni.

Wapenda picha wanapokutana, hata kama ni kwa njia ya simu, yafaa waulizane maneno matatu. La kwanza: jicho langu limekwenda wapi kwanza? La pili: kuna kitu gani humu ambacho kingeondolewa bila hasara? La tatu: mpigaji alitaka kutuambia nini, nasi tumesikia nini? Mtu akileta picha ya bomba refu la kiwanda cha shaba la Lubumbashi na kilima cheusi cha mabaki kilicho karibu nalo, asiambiwe tu kwamba kila mtu amekwisha kulipiga bomba hilo. Aulizwe: wewe umeliona kwa namna gani? Hapo atarudi kesho asubuhi, mwanga ukiwa mwororo, na kutafuta jibu.

Tena anayeleta picha alete chache. Picha tatu zilizochaguliwa hujadiliwa vema; picha sitini huwachosha wenzake, nao huishia kusema "nzuri".

Haki ya aliyepigwa

Mwenyewe wa tatu husahauliwa kuliko wote, naye ndiye aliye ndani ya picha. Mama auzaye mboga katika soko la Kenya, mtaa mmojawapo wa Lubumbashi, hakuja sokoni ili aonyeshwe kwa watu asiowajua. Aamkiwe kwanza, aombwe ruhusa, na akikataa aachwe kwa heshima. Akikubali, apelekewe picha yake, tena ikiwezekana iliyochapwa kwenye karatasi. Mpigaji anayerudi na picha mkononi hupokewa siku ya pili kama mtoto wa nyumbani.

Vivyo hivyo mchimbaji wa mikono. Wengi hupenda kumpiga akiwa na matope na uchovu, kwa kuwa picha ya namna hiyo husifiwa mbali. Lakini tukumbuke: Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, nayo hutoka hasa katika ardhi hii ya Katanga. Kobalti hiyo hutumika katika betri nyingi za simu na za kamera. Yawezekana kwamba nguvu inayoiwasha kamera yako ilianzia mikononi mwa mtu yule unayemlenga. Je, hastahili kuulizwa jina lake?

Hata mnyama ana haki yake. Kaskazini ya Lubumbashi, mwendo wa zaidi ya kilomita 300, iko Mitwaba, na sehemu ya Hifadhi ya Upemba, iliyoundwa mwaka 1939, imo katika nchi hiyo. Huko wamebaki punda milia na tembo wachache. Kamera iliyounganishwa na simu yaweza kuandika ndani ya picha mahali hasa ilipopigwa. Anayeirusha picha ya tembo bila kuyafuta maandishi hayo aweza kumwonyesha jangili njia.

Haki ya wajukuu

Mwenyewe wa nne hajazaliwa bado. Mwaka 2006 Sammy Baloji alifanya kazi aliyoiita Mémoire, yaani Kumbukumbu. Alitwaa picha za kale za wafanyakazi wa migodi wa zama za Wabelgiji, akawasimamisha mbele ya picha mpya za viwanda vilivyoharibika. Mwaka 2007 alituzwa katika maonyesho ya Bamako. Kazi hiyo isingewezekana kama picha zile za kale hazingehifadhiwa. Lakini mtazamaji akiwaona watu wale hujiuliza: huyu ni babu wa nani?

Swali hilo lisiwapate wajukuu wetu. Kadi ya kamera hufa ghafula, simu huibiwa, na picha elfu kumi hupotea kwa siku moja. Basi kila mwaka jamaa wachague picha ishirini tu, wazichape, na nyuma ya kila moja waandike kwa penseli jina, mahali na mwaka. Nakala nyingine ihifadhiwe katika nyumba ya ndugu. Kazi hiyo yataka saa moja na fedha kidogo.

Basi, ninyi wapenda picha wa Lubumbashi na wa kwingineko, onyeshaneni kazi zenu na kusahihishana bila woga. Lakini kabla ya kuuliza wenzenu wanaionaje picha, jiulizeni kama yule aliyepigwa amekwisha kuiona.