Sikio la Mkunga na Moyo wa Mtoto

Mara nyingi tumeketi nje ya chumba cha kuzalia, tasbihi mkononi, tukimngojea binti au mkaza mwana wetu, na tumewasikia jamaa wakinung'unika: "Hata mashine hawakumtia!" Ndani, mkunga huwa ameinama, sikio lake liko kwenye kijipembe alichokiweka juu ya tumbo, na vidole vyake vimeshika kifundo cha mkono wa mzazi. Tudhaniapo kuwa ni upungufu, huenda ndiyo kazi yenyewe.

Kijipembe hicho kilibuniwa na tabibu Mfaransa, Adolphe Pinard, mwaka 1895, na hadi leo chatumika. Siku hizi wakunga wengi wana pia kifaa kidogo cha betri kitoacho sauti ya moyo. Mkono wa mama hushikwa ili mapigo yake yasije yakahesabiwa kuwa ya mtoto.

Moyo wa mtoto tumboni hupiga kwa kawaida mara 110 hadi 160 kwa dakika. Hata hivyo, hesabu peke yake haitoshi. Tumbo linapokaza, damu iendayo kwenye kondo hupungua kwa kitambo. Moyo ukipunguza kasi pamoja na mkazo kisha ukarejea mara moja, mara nyingi ni kichwa tu kinachobanwa njiani. Lakini ukipungua mkazo ukiwa umeanza kulegea, ukachelewa kurejea, na ikawa hivyo tena na tena, ni dalili kwamba huenda mtoto anapungukiwa na hewa. Hapo mama hulazwa ubavu, dripu ya kuongeza uchungu husimamishwa ikiwa ipo, na daktari huitwa.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mama mwenye afya asikilizwe kwa vipindi: kila dakika 15 hadi 30 uchungu ukishakolea, na kila dakika 5 wakati wa kusukuma, kila mara kwa muda usiopungua dakika nzima. Mashine ya mikanda ichorayo mapigo kwenye karatasi ina faida kwa mwenye hatari maalumu, kama shinikizo la damu. Kwa asiye na tatizo, imeonekana kuongeza upasuaji bila ya kupunguza vifo vya watoto.

Basi tusiulizie mashine, tuulizie wakati. Anayemsindikiza mzazi, awe mamake, mavyaa au wifi, na aseme kwa adabu: "Sista, moyo wa mtoto waendaje? Mara ya mwisho umesikilizwa saa ngapi?"

Sisi tukaao nje ya kisiwa tuna sababu zaidi ya kuuliza mapema. Mzazi wa Likoni akipewa rufaa ya kwenda Hospitali Kuu ya Pwani, mbele yake kuna kivuko. Wa Kisauni ana daraja la Nyali, na wa Changamwe ana Makupa. Feri na foleni hazijui uchungu wa mtu. Dalili ikijulikana mapema, safari huanza mapema.

Kuuliza si kumtilia mkunga shaka, wala hakupunguzi tawakali. Dua tuiombe, na sikio tulitege. Mola awajaalie wazazi wetu wajifungue salama, wao na watoto wao. Amin.