Imechacha au imekomaa? Msamiati wa kuonja divai ya viputo iliyokaa miaka mingi

Msomaji wa safu hii ambaye ni mhudumu katika hoteli moja jijini Nairobi ameniletea swali lililotokana na mkasa. Mteja aliagiza chupa ya shampeni ya mavuno ya mwaka 2008, iliyotengenezwa kwa zabibu za Chardonnay pekee. Ilipomiminwa, mteja akaitazama rangi yake ya dhahabu, akaona viputo ni vichache, akanusa, kisha akasema: "Hii imechacha, rudisha." Meneja naye akakubaliana na mteja, na mhudumu akaambiwa kuwa bei ya chupa itakatwa kwenye mshahara wake kwa sababu eti aliihifadhi vibaya. Jioni, mgeni mwingine aliyejua mambo ya divai akaonja mabaki, akashangaa: mbona hii ni safi kabisa? Anasema ilinukia mkate uliobanikwa na njugu. Sasa msomaji anauliza nani alikosea, na kama Kiswahili hakina neno lingine ila hilo la kuchacha.

Tuanze na hilo la neno. Kitenzi chacha kimebebeshwa mzigo mkubwa. Unga wa mahindi na wimbi ukilowekwa siku mbili tatu huchacha, na uji wake tunaupenda. Githeri ya juzi ikichacha inamwagwa. Hata magazeti huandika kwamba siasa zimechacha, yaani zimepamba moto. Kwa hivyo mtu akisema divai imechacha, kisarufi hajakosea, ila hajatuambia lolote. Kila divai imechacha. Isingechacha ingekuwa maji ya zabibu tu.

Tena divai ya Champagne, eneo lililo kaskazini mashariki mwa Ufaransa, huchacha mara mbili. Mara ya kwanza ni ndani ya tangi au pipa, maji ya zabibu yanapogeuka divai ya kawaida. Mara ya pili ni ndani ya chupa yenyewe. Mtengenezaji hutia hamira na sukari, takriban gramu 24 kwa kila lita, kisha huziba. Hamira hula sukari ile na kutoa gesi, na kwa kuwa gesi haina pa kutokea, shinikizo hupanda hadi karibu mara sita ya lile la hewa ya kawaida, zaidi ya mara mbili ya lile la gurudumu la gari dogo. Ndiyo maana kizibo hufungwa kwa waya. Hamira ikimaliza kazi hufa na kutuama. Hayo ndiyo mashapo, neno tunalolijua kutoka kwenye mtungi wa maji.

Mashapo haya hayatupwi upesi. Sheria za Champagne zinataka shampeni isiyotajiwa mwaka ikae chupani miezi 15 kabla ya kuuzwa, na ile yenye mwaka wa mavuno ikae miaka mitatu. Watengenezaji wengi huiacha zaidi ya hapo. Katika kipindi hicho seli za hamira iliyokufa hujivunja polepole na kuipa divai harufu ya mkate. Baadaye chupa huinamishwa kichwa chini, mashapo yakakusanyika shingoni, yakatolewa, na kizibo kingine kikatiwa. Harufu ya mkate aliyoisikia msomaji wetu, basi, ilitoka pale pale inapostahili kutoka.

Neno la pili ambalo mwonjaji analihitaji ni ugwadu. Bara wengi wetu tumelisahau, tunasema tu uchachu au ukali. Ugwadu ni ule ukali wa ndimu au wa embe bichi, unaokufanya ufumbe jicho moja huku mate yakijaa kinywani. Si ukali wa kitu kilichoharibika; ni ukali wa tunda lenyewe. Chardonnay ya Champagne ina ugwadu mwingi, hasa ile inayokuzwa Côte des Blancs, mteremko wa udongo wa chaki ulio kusini mwa mji wa Épernay, kwenye vijiji kama Cramant, Avize na Le Mesnil-sur-Oger. Shampeni nyingi huchanganya Chardonnay na zabibu nyeusi za Pinot noir na Meunier, ambazo hukamuliwa kwa uangalifu ili rangi ya ganda isiingie. Ikiwa chupa imeandikwa "blanc de blancs", maana yake ni divai nyeupe iliyotokana na zabibu nyeupe tu.

Ugwadu ndio unaoifanya divai hii istahimili miaka. Mwaka 2003 joto kali lilipiga Ulaya, mavuno ya Champagne yakaanza mwezi Agosti, na zabibu zikawa na ugwadu mdogo. Mwaka 2008 ulikuwa wa baridi zaidi, na divai zake zinasifika kwa ugwadu wa kukata kama wembe. Mwonjaji anayekutana na chupa ya 2008 hutarajia, hata baada ya miaka mingi, mate yamtoke pembeni mwa ulimi baada ya kumeza. Akikosa hilo, akakuta kinywaji chapwa, hapo ana haki ya kutilia shaka.

Je, pua nayo? Hapa Kiswahili kimetupa kifaa ambacho lugha nyingi hazina. Tuna kunuka na kunukia. Ongezeko la irabu moja tu hugeuza hukumu yote. Divai iliyokomaa inanukia asali, lozi, siagi, mkate uliobanikwa, wakati mwingine hata uyoga. Uyoga huohuo, ukizidi na kufanana na kabati lililofungiwa ukungu, unanuka. Mhudumu anayemwambia mteja "inanukia uyoga kidogo" ametoa maelezo na hukumu kwa pumzi moja. Ningependa walimu wa vyuo vya utalii walifundishe hili.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye vivumishi vya umri. Tumwite mzee huyu nani? Tukisema divai kuukuu, msikilizaji anapata picha ya kitu kilichochakaa, kama kiatu. Ya kale ni ya makumbusho. Ya zamani huweza kumaanisha kwamba siku hizi haitengenezwi tena. Nadhani lugha yetu iliathiriwa na vinywaji vyetu. Tembo la mnazi huhesabiwa umri kwa saa: la asubuhi ni tamu, la jioni ni kali, na likiachwa siku kadhaa linakuwa siki. Kwa mgema, kukaa ni kuharibika, na hakosei hata kidogo.

Lakini mnazi huohuo una somo jingine. Tunda lake tunalipa jina jipya kila linapokua: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Hakuna anayelalamika kwamba nazi ni dafu lililoharibika. Unalitaka dafu kwa maji yake, nazi kwa tui lake. Koroma ndilo halina raha: limepita udafu na halijafika unazi. Shampeni ya Chardonnay yenye mwaka hupita hatua kama hizo. Ikiwa changa ina viputo vya kasi, harufu ya ndimu na tufaha bichi. Halafu waonjaji wengi husema huja kipindi inajifunga, haitoi harufu ya matunda wala ya uzee. Huo ndio ukoroma wake. Kisha inapevuka: rangi inakolea dhahabu, viputo vinapungua na kuwa laini kwa kuwa gesi hupenya kizibo kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, na asali na njugu zinatokea. Kwa hiyo ningesema divai iliyopevuka, au iliyokomaa, na mwaka wake ningeutaja kwa kusema "ya mavuno ya 2008".

Kwa swali la kwanza, kwa jinsi msomaji alivyoieleza chupa ile, mteja alitaka dafu akapewa nazi. Hilo si kosa la nazi. Angeulizwa kabla ya kizibo kutolewa, angechagua chupa changa na ya bei nafuu.

Zipo chupa zilizoharibika kweli, na dalili zake hazifanani na alizozitaja. Hewa ikiingia, dhahabu hugeuka kahawia, harufu inakuwa ya tufaha lililomenywa likaachwa mezani, na mwishowe siki. Kizibo kikiwa na dosari, divai hunuka kadibodi iliyolowa, na ladha ya matunda hufifia. Njia ya kuhakikisha ni rahisi. Isipozwe kupita kiasi, nyuzi 10 hadi 12 zatosha kwa divai ya umri huu. Imiminwe kwenye glasi yenye tumbo badala ya ile nyembamba ndefu, iachwe robo saa. Divai iliyofungiwa miaka mingi huweza kutoa harufu ya ajabu mwanzoni, nayo hutoweka ikipata hewa. Kadibodi haitoweki; huzidi. Ikizidi, chupa irudishwe kwa aliyeiuza, na hata hapo mshahara wa mhudumu usiguswe, kwa sababu dosari hiyo iliingia kabla chupa haijafika hotelini.