Je, Wajua? Mwili Hunyooshwa Ili Akili Itulie

Wengi huiona yoga kama mazoezi ya kukunja viungo tu. Lakini katika Yoga Sutra, kitabu cha kale cha India kinachohusishwa na Patanjali, kati ya aya zipatazo 195, zinazohusu mkao wa mwili ni 3 tu! Lengo la yoga humo ni kutuliza mawazo. Mwili hunyooshwa ili uweze kuketi kimya bila maumivu. Kinachounganisha mwili na akili ni pumzi: ukiishusha polepole, neva iitwayo vagasi hupunguza kasi ya moyo. Hata abiria wa Gongo la Mboto aliyeshika bomba kwenye daladala, kabanwa kila upande, anaweza kupumua hivyo. Jaribu jioni hii: vuta pumzi ukihesabu hadi 4, ishushe ukihesabu hadi 6.