Vidole vya Seremala ni Akiba Yake: Nasaha juu ya Msumeno wa Meza

Apitaye Kona ya Musa, upande wa Diani, asubuhi ya siku ya kazi, aweza kusikia mlio wa msumeno kabla hajamwona seremala mwenyewe. Nyuma ya nyumba, chini ya banda la makuti au mabati, hupasuliwa mbao za vitanda, milango na madirisha. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa msumeno wa mkono, na ubao mmoja mnene wa mvule ulimtoa mtu jasho jingi. Sasa msumeno wa meza, uzungukao kwa nguvu za stima, huimaliza kazi ile kwa dakika chache. Hayo ni maendeleo, wala hapana mwenye busara awezaye kuyachukia. Lakini mashine haina macho. Haijui tofauti ya ubao na mkono.

Nilimwendea mzee mmoja, fundi wa siku nyingi, kuagiza kabati. Aliponivutia kiti kwa mkono wa kushoto, niliona vidole viwili havipo. Baada ya kuamkiana nilimwuliza, kwa adabu, ilikuwaje.

"Haikuwa kazi kubwa, bwana karani," alijibu. "Kilikuwa kipande kifupi cha kumalizia, nami nikaharakisha ili nipumzike. Miaka kumi na minane nimepasua mbao bila neno. Siku ile ubao ulirudi, mkono ukaufuata."

Maneno hayo yana mafundisho mawili. Kwanza, uzoefu si ngao. Pili, hatari haikuwa katika ubao mkubwa uliomtia hofu, bali katika kipande kidogo alichokidharau.

KWA NINI UBAO HURUDI

Meno ya mbele ya msumeno hushuka, yakiukandamiza ubao juu ya meza. Meno ya nyuma hupanda. Ubao ukipinda, au ufa wake ukijifunga baada ya kupasuliwa, hushikwa na meno hayo ya nyuma, nayo huunyanyua na kumrushia yule aliyesimama mbele. Msumeno wa kipenyo cha inchi 10, uzungukao mara 4,000 kwa dakika, hupitisha jino kwa mwendo wa kilomita 190 kwa saa. Gari likienda hivyo katika barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga, sote tungesema dereva ameshikwa na wazimu. Hapana mkono wa mwanadamu uwezao kuuwahi mwendo huo.

Dawa ya kwanza ni kile kisu cha chuma kisimamacho nyuma ya msumeno, katika mstari mmoja nao. Kazi yake si kukata, bali kuuzuia ufa usijifunge. Kikae karibu na meno, nafasi isizidi milimita 8 hivi. Unene wake uzidi kidogo bamba la msumeno, lakini usizidi upana wa njia ikatwayo na meno. Juu ya msumeno napo pawe na ngao ya kuyafunika meno.

Mambo haya si mageni. Kanuni za mashine za useremala zilizotolewa nchini Kenya mwaka 1959 zilikwisha kuvitaja kisu hicho, ngao, na kijiti cha kusukumia. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yahusu kila mahali watu wafanyapo kazi, si viwanda vikubwa peke yake. Hata hivyo, meza nyingi za nyumbani huundwa na mafundi wenyewe, mota chini na ubao juu, bila kisu wala ngao. Meza ya namna hiyo haijakamilika. Ni kama chombo kilichoshushwa majini bila usukani.

YAPASAYO KUFANYWA

Ubao upasuliwao kwa urefu uegemee ule ukuta wa kuongozea. Usisukumwe kwa mikono mitupu bila kiongozi. Msumeno uinuliwe kiasi cha meno kutokeza kidogo tu juu ya ubao. Fundi asimame kando ya njia ya msumeno, asiwe mbele yake hasa. Sentimita 30 za mwisho zisukumwe kwa kijiti, wala si kwa vidole. Vipande vilivyobaki kando ya meno visiondolewe mpaka msumeno umesimama kabisa.

Ubao nao ukaguliwe. Mvule huweza kuwa na vijiwe ndani yake, na mbao za nyumba kuukuu huficha misumari. Mti wa mnazi huyafanya meno yawe butu upesi. Na msumeno butu hudai nguvu, na palipo na nguvu nyingi mkono huteleza.

Mavazi yawe ya kubana mwili. Kanzu, kikoi kinachopepea, mikono mirefu ya shati, pete na hata glavu havifai, kwa kuwa meno yakishika nguo huvuta na kiungo. Macho yavikwe miwani ya kazi. Pua na mdomo vifunikwe kwa barakoa, kwani mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba vumbi la mbao laweza kuleta saratani ya pua.

STIMA IKIKATIKA

Hapa ndipo wengi hujisahau. Stima hukatika ghafula, msumeno husimama, fundi huinama kuondoa kipande kilichokwama. Swichi hakuizima. Stima hurudi, na msumeno huamka mkono ukiwa juu yake. Kwa hiyo, stima ikikatika, tendo la kwanza liwe kuzima swichi, na la pili kuchomoa plagi. Ziko pia swichi za sumaku, ambazo hujizima zenyewe stima ikatikapo, wala haziwaki tena mpaka zibonyezwe. Kadhalika, kazi ikiisha, plagi ichomolewe, kwa sababu karakana ya nyumbani ni uwanja wa watoto pia.

Ajali ikitokea, jeraha ligandamizwe kwa kitambaa safi na mkono uinuliwe juu. Kidole kilichokatika kabisa kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na mfuko huo uwekwe juu ya barafu. Kisiguse barafu chenyewe. Kisha mgonjwa apelekwe hospitali bila kukawia.

Huko Marekani imekwisha kuvumbuliwa mashine ambayo msumeno wake husimama mara moja uguswapo na mwili wa mtu. Bei yake si ya banda la makuti. Lakini kijiti cha kusukumia huchongwa kwa masalio ya mbao, wala hakigharimu hata senti.

Kabla sijaondoka nilimwona kijana anayejifunza kazi kwa mzee yule. Kijiti chake kilikuwa kimefungwa kwa kamba mezani. Nilipouliza sababu, mzee alisema, "Ili asiseme hakukiona." Kila mwenye msumeno wa meza, basi, na afunge chake leo, kabla hajapasua ubao mwingine.